Usiweke etha kwenye hiyo friji, yangu ilitoa mlango

Bosi, hiyo friji iache dukani. Kwenye ile orodha yako ya vifaa vya maabara, hotpleti, ile sahani ya umeme ya kupashia, tutaifikia. Lakini pale uliposema umepata friji ya mtumba ya bei poa kule Luthuli, Nairobi, na utaweka humo etha na heksani, vimiminika ambavyo mvuke wake hushika moto upesi, "zikae baridi zisishike moto", tumbo lilinikata. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe nilipofungua kamaabara kangu ka mafuta ya mimea huku Industrial Area.

Aliyenipoteza ni mtu niliyemlipa. Alijiita mshauri wa maabara, na koti jeupe alikuwa nalo. Nilipomuuliza kuhusu cheche alicheka, akaita fundi, fundi akachomoa balbu ya ndani, wakaniambia sasa hii ni friji ya kemikali. Balbu! Elfu nne zikaenda hivyo. Kumbe balbu ndiyo mwenye kosa dogo. Themostati, ile swichi inayofuata joto la friji, bado iko mle ndani, na kila inapowasha au kuzima kompresa inaweza kutoa kacheche. Friji zile zisizogandisha barafu zina hita ya kuiyeyusha, tena na feni juu yake. Na mlango umezibwa kwa mpira pande zote, kwa hiyo mvuke ukitoka kwenye chupa hauna pa kwenda. Unajikusanya tu.

Baridi nayo haikuokoi. Etha hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzi 45 chini ya sifuri, heksani karibu 22 chini ya sifuri. Friji yako ina nyuzi 4 juu ya sifuri. Kwa etha hapo ni kama Mombasa mwezi wa Februari. Mvuke wake ukifika asilimia 2 tu ya hewa, kacheche kanatosha.

Mimi niliacha etha humo frijini kwenye bika, ile glasi ya maabara iliyo wazi juu, nimeifunika kwa foili. Hata chupa yenye kizibo haikuwa, nicheke tu. Ijumaa jioni nikaenda zangu. Alfajiri stima ikapotea, ikarudi, themostati ikafanya kazi yake. Mlango uliruka hadi ukuta wa pili, ukapitia mizani yangu mpya. Vioo vya dirisha vilimwagika barabarani, na heksani iliyokuwa kwenye rafu ya kando ikashika moto. Soja alidhani ni majambazi, akalala chini ya lori karibu nusu saa. Simlaumu. Hakuna aliyeumia kwa sababu hapakuwa na mtu, basi. Depositi yangu ilibaki kwa mwenye nyumba. Nilipompigia yule mshauri akaniuliza kama friji ilikuwa na waranti.

Tangu siku hiyo nina sheria moja: panapoweza kujaa mvuke wa kuwaka, pasiwe na swichi, themostati wala chochote cha kutoa cheche. Zipo friji zilizotengenezwa kwa kazi hii, swichi na themostati zake zimewekwa nje ya chumba cha baridi. Ni ghali, ndiyo. Lakini jiulize kwanza hiyo baridi ni ya nini. Heksani huchemka kwenye nyuzi 69, inakaa vizuri kwenye kabati la chuma mbali na jua, na Nairobi ya Julai wewe mwenyewe unavaa sweta. Etha ndiyo msumbufu: pwani huchemka karibu nyuzi 35, na huku kwetu Nairobi, juu milimani, huchemka mapema zaidi. Kwani unaitakia nini? Umesema unatoa mafuta ya mnanaa. Hayo hutolewa kwa mvuke wa maji, bila etha hata tone.

Hotpleti ni yaleyale, themostati yake nayo hucheza ndani ya kasha lisilozibwa, achilia mbali sahani yenyewe ilivyo moto. Ukilazimika kupasha heksani, tumia maji ya moto uliyochemshia chumba kingine.

Hiyo friji umeshailipia? Kama umelipa, peleka nyumbani uweke maziwa, na usikubali waichomoe balbu.