Wasomaji Wauliza: Bibi Alikuwa Nesi wa Jeshi, Maisha Yake Tuyaandikeje?

SWALI: Assalaam aleikum. Bibi yetu ana miaka 78. Alikuwa nesi jeshini, akastaafu, akarudi Lamu, na tangu hapo huzunguka mitaani kuwapima wazee presha na kufunga vidonda bila malipo. Tunataka kuyaandika maisha yake. Tumekaa naye mara tatu na simu, lakini kila tukimuuliza alijisikiaje jeshini, hujibu, "Alhamdulillah, Mola alitusitiri." Tufanyeje?
Wajukuu, Mkomani, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Bibi hawakimbii. Mtu aliyefanya kazi ya mikono miaka mingi, habari zake zimekaa kwenye kazi. Swali la moyo hulijibu kwa shukrani, ndivyo alivyolelewa. Acheni kumuuliza maisha yalikuwaje. Muulizeni zamu moja tu. Aliingia saa ngapi? Wa zamu iliyotangulia alimkabidhi nini? Vitanda vilikuwa vingapi, na ufunguo wa kabati la dawa alikuwa nao nani?

Kisha shukeni kwenye vifaa. Enzi zake bomba la sindano lilikuwa la kioo, likichemshwa na kutumika tena. Alichemsha dakika ngapi, juu ya jiko gani? Ncha ikibutuka aliinoa kwa nini? Mabomba yakiwa machache na wagonjwa wengi, alimtanguliza nani? Swali hilo la mwisho ndilo litakalowaonyesha alikuwa mtu wa namna gani, na halikumtaka ajisifu.

Kama aliwahi kupeleka chanjo kwa boti, muulizeni habari za barafu. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Wengi hudhani adui yake ni joto peke yake, kumbe chanjo ya pepopunda au kifaduro ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Ndiyo maana pakiti za barafu zikitoka kwenye friza huachwa nje kwanza, mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo zipangwe kwenye kisanduku. Nesi aliyeifanya kazi hiyo atawaonyesha kwa mikono, na humo humo yatatoka mengine: boti iliyokwama maji yalipokupwa, kina mama waliongoja gatini tangu alfajiri.

Miaka itawasumbua. Msimpe mwaka mdomoni, "Bibi, si ilikuwa 1985?" Atakubali kwa upole, na kosa litaandikwa. Mpeni vigingi: kabla ya Uhuru wa 1963 au baada? Kabla ya mvua za El Niño za 1997 na 1998? Kabla ya tsunami ya Desemba 26, 2004? Ramadhani nayo husaidia sana, maana hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwanajeshi yeyote wa zama zake anakumbuka jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982. Lilitokea siku chache tu baada ya Idi, Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ungali mchanga. Akisema, "Tulikuwa tumetoka kula Idi," tarehe mnayo. Muulizeni pia kama aliingia kupitia kikosi cha wanawake, kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuvunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990, au aliajiriwa akiwa tayari nesi. Na masharti ya ndoa na uzazi yalikuwaje kikosini? Hapo ana mengi.

Kuhusu kurekodi: barazani ni pazuri kwa mazungumzo, pabaya kwa sauti. Kuna upepo, punda, na kila apitaye ana salamu zake. Ingieni chumbani, zimeni pangaboi, pawe na godoro na mapazia, kwa sababu kuta tupu hutoa mwangwi. Simu iwe kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni mwake. Dakika 40 zatosha kwa kikao. Msitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Hubana sauti mno, na simu ikibadilishwa faili hupotea. Saa moja ya WAV ya mono, yaani faili ya sauti isiyobanwa yenye mkondo mmoja, ni kama MB 320, ya M4A iliyobanwa kiasi ni kama MB 60, na M4A yatosha. Jioni ile ile faili ipewe jina lenye tarehe na mada, ziwe nakala 3: simuni, kwenye flashi, na moja kwa ndugu aliye nje ya Lamu.

Sehemu ya kujitolea ndiyo waandishi wengi huipitia mbio, nasi tunaona ndiyo nzito kuliko yote, kwa kuwa hakuna aliyemtuma. Msiiulize kitini. Mfuateni asubuhi moja. Tazameni anavyomwacha mzee akae dakika 5 kabla ya kumpima, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, vivyo hivyo. Hupima mara ngapi? Akiona 180 kwa 120, na mzee analalamika kifua au ulimi umekuwa mzito, humpeleka wapi, kwa punda au kwa machela, na nani hulipa boti? Andikeni hayo kama mlivyoyaona. Halafu waulizeni majirani, maana mengine yeye hatayasema.

SWALI: Picha za shangazi za chuo cha unesi zimegandana, na moja imeshika kwenye kioo cha fremu. Nimeshauriwa nizipashe moto kwa pasi.
Msomaji, Malindi

JIBU: Usithubutu. Picha za studio za zamani zimebebwa na tabaka la jelatini, na moto huliyeyusha. Kwanza ipige picha iliyo kwenye kioo kama ilivyo, kando ya dirisha, kivulini, bila mwanga wa flashi, simu ikiwa sambamba nayo. Likitokea la kutokea, sura unazo.

Kisha jaribu ile usiyoijali sana. Iloweke kwenye maji baridi ya chupa au yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima cha chumvi huacha madoa. Baada ya dakika 30 angalia kama zinateleza zenyewe. Hazijateleza, ngoja, lakini usizidishe saa mbili, tabaka litalegea lote. Usivute kwa kucha na usiguse uso wa picha. Zianike uso juu, kwenye kitambaa cha pamba, kivulini. Njia hii si ya picha zilizotoka kwenye printa, wino utatoka.

Zikikauka, zitie kwenye bahasha za karatasi, si nailoni. Kasha lisiegemee ukuta, hasa wa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa kuwa hushika unyevu. Usitie naftalini wala mafuta ya udi ndani. Majina yaandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini.

SWALI: Mama huwataja wagonjwa wake kwa majina tunapomrekodi. Tuyaache?
Binti, Shela, Lamu

JIBU: Myatoe. Siri ya mgonjwa haistaafu pamoja na nesi, wala haifi na mgonjwa. Kwa walio hai kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na mjue kisiwani jina si lazima litajwe: ukiandika "mke wa nahodha aliyezaa pacha," mtaa mzima umeshajua. Badilisheni mtaa na mwaka, au liacheni tukio. Habari za Ukimwi, mimba zilizoharibika na vipigo vya nyumbani, zisiingie kabisa bila ridhaa ya mwenyewe. Ya jeshini, wodi na kazi yake ni zake kusimulia. Kambi, silaha na mipango ya kikosi, zimeni simu.

SWALI: Marehemu shangazi ameacha medali ya Umoja wa Mataifa. Tutajuaje alihudumu wapi?
Msomaji, Malindi

JIBU: Tazameni utepe, si chuma. Upande wa mbele huwa na nembo ya Umoja wa Mataifa na wa nyuma maneno ya Kiingereza kuhusu utumishi wa amani, karibu misheni zote. Rangi na mistari ya utepe ndiyo hutofautiana. Zilinganisheni na miaka yake: Kenya ilikuwa na wanajeshi Namibia mwaka 1989 hadi 1990, na Sierra Leone kuanzia 1999. Hati iliyokuja na medali, kama ipo, huitaja misheni. Utepe msiufue, rangi zitachuja na ushahidi utaondoka nazo.