Usimwage Maji Kabla Hujayatazama

Nina beseni kubwa bustanini, nusu yake limezikwa ardhini, linakinga maji ya mvua. Miaka michache iliyopita niliona vidudu vinachezacheza ndani yake, nikasema bila kuinama, "Mbu hao." Nikamimina mafuta ya taa juu ya maji.

Asubuhi nilikuta viluwiluwi wa mbu wachache wamekufa. Pamoja nao walielea kereng'ende wachanga zaidi ya kumi, na mmoja alikuwa ameshapanda nusu ya kijiti, tayari kujivua gamba na kuruka. Hao ndio waliokuwa wakiwala mbu wangu. Nililisafisha beseni, nikajaza maji mapya, na kabla wiki mbili hazijaisha likajaa viluwiluwi kuliko mwanzo. Mbu hutaga leo na kesho kutwa mayai yameanguliwa. Kereng'ende huhitaji miezi majini, wengine hata miaka. Jambo lile liliniuma sana, na ndilo lililonifundisha kutazama kwanza.

Vifaa ni vichache: bakuli jeupe, kijiko kikubwa, na kioo cha kukuzia ukiwa nacho. Sogea polepole. Kivuli chako kikianguka juu ya maji, viluwiluwi wa mbu hupiga mbizi mara moja, nawe utadhani hakuna kitu. Basi subiri dakika mbili tatu bila kutikisika. Wanaorudi juu wamefuata hewa, na hapo umeshapata jibu la swali ninaloanza nalo siku zote: huyu anapumua wapi? Umbo humdanganya mtu, hasa kwa kiumbe cha milimita tano. Namna ya kupumua na kutembea haidanganyi sana.

Mbu mchanga hupumua juu ya maji. Akiwa ananing'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, tazama mrija ulio mwishoni mwa mwili wake. Mrija mrefu mwembamba ni dalili ya Culex, wale wanaopenda maji machafu. Mrija mfupi mnene aghalabu ni Aedes, jamaa ya mbu wenye madoa meupe miguuni, waenezao homa ya dengi. Na ukimwona amelala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea, hana mrija kabisa, huyo ni Anopheles, ambaye jike lake hueneza malaria. Tofauti hii huonekana kwa macho matupu. Mara ya kwanza nilipowaona wawili wa aina mbili katika bakuli moja, mmoja ananing'inia na mwingine amelala, nilikaa pale hadi miguu ikafa ganzi.

Ukiona kitu chenye umbo la alama ya mkato, kichwa kikubwa na mkia uliokunjwa, kinachobingirika kikiguswa, hiyo ni pupa ya mbu. Haili chochote, na kwenye joto huwa mbu kamili baada ya siku moja hadi tatu. Ukikuta pupa nyingi, usingoje kesho.

Neno kiluwiluwi lenyewe hutuchanganya, maana wengi wetu tunaliita hilohilo kwa mtoto wa mbu na kwa mtoto wa chura. Wa chura ana mwili wa mviringo na mkia bapa, anateleza majini badala ya kujinyonganyonga, na muda mwingi anakwangua ukungu wa kijani kwenye kuta za chombo. Huyo mwache.

Wale minyoo wekundu kama damu waliojificha kwenye tope la chini huwaogopesha watu kuliko wote, na nimeona wakimwagwa kwa hasira. Si minyoo. Ni watoto wa visubi wasiouma, jamii ya Chironomidae. Wekundu wao ni himoglobini, ya jamii moja na ile inayoifanya damu yetu kuwa nyekundu, inayowasaidia kuishi mahali penye oksijeni kidogo. Hujijengea vijumba vya tope, na wakitolewa nje hujikunja huku na huku kama wanaandika namba nane.

Kuna kingine ambacho kwa kweli kinachukiza kukitazama: funza mnene wa kijivu mwenye mkia mrefu kama wa panya, kwenye maji yaliyooza majani. Mkia ule ni bomba la kupumulia, na hurefuka kadiri maji yanavyokuwa na kina. Akikua anakuwa nzi anayefanana na nyuki, anazunguka kwenye maua yako na kuyachavusha, wala haumi.

Vitone vinavyorukaruka katikati ya maji, juu chini, juu chini, ni viroboto vya maji. Havina uhusiano na viroboto vya mbwa. Ni jamaa wa kamba na kaa, na chakula chao ni mwani unaoyafanya maji kuwa ya kijani. Kama kitone kinakwenda kwa kushtuka, kina jicho moja, na kimebeba vifuko viwili vya mayai pembeni, ni saiklopi. Wapo saiklopi wakubwa wanaokula viluwiluwi wa mbu waliotoka tu kuanguliwa, na nchini Vietnam wamewekwa makusudi kwenye matangi ya maji ili kupunguza Aedes. Hata hivyo, maji yenye saiklopi usiyanywe bila kuyachuja.

Kereng'ende mchanga ninamtambua sasa hata akiwa amefunikwa na tope: miguu sita, macho makubwa, na mdomo wa chini uliokunjwa, ambao huufyatua mbele kunasa windo. Akiwa na vijani vitatu vyembamba mkiani, ni wa jamii ile nyembamba inayokunja mabawa juu ya mgongo ikitua. Ukimkuta yeyote kati ya hawa, chombo hicho kina walinzi, na sumu ndiyo itakayowaondoa kwanza.

Kwa hiyo mimi sasa ninagawa. Visahani vya chini ya vyungu, makopo na matairi havina mlinzi yeyote. Hivyo ninavimwaga kila wiki kwenye udongo mkavu, kisha ninasugua kuta kwa brashi. Kusugua ni muhimu, kwa kuwa Aedes hugandisha mayai juu kidogo ya mstari wa maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua. Pipa la kumwagilia ninalifunika kwa wavu wa matundu madogo. Beseni lenye uhai ninaliacha, na mbu wakizidi ninatumia Bti, bakteria aliyegunduliwa mwaka 1976, anayewaua viluwiluwi wa mbu bila kuwadhuru kereng'ende wala vyura. Sharti amezwe, kwa hiyo hamwezi pupa, ambaye hali. Mafuta sijayagusa tena.

Na usipomtambua mdudu, mtie kwenye chupa pamoja na maji yake, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, ungoje. Akitoka mwenye mabawa, mtazame akitua. Mwenye mdomo mrefu kama sindano, anayeinua miguu ya nyuma, ni mbu. Asiye na sindano, anayenyoosha miguu ya mbele hewani, ni kisubi asiyeuma. Fungua kitambaa aende zake.