Maswali ya wasomaji: Samaki "is dying" ama amekufa?

SWALI: Habari yako mwalimu. Nafundisha Kiingereza kwa intaneti nikiwa hapa Kahawa West, na mwanafunzi wangu mmoja ni kijana wa Japani, yuko mwaka wa pili wa sekondari ya juu. Tunaanza saa nane mchana, kwao ni saa mbili usiku. Juzi aliniandikia "My goldfish is dying", nikashtuka nikamwambia akimbie abadilishe maji, kumbe samaki alikufa wiki iliyopita na walishamzika. Pia anaandika "I have seen him yesterday" na "Walking to school, the rain started". Nikimsahihisha anasema yes, yes, halafu kesho anarudia yale yale. Nimfundishe vipi na Kijapani sijui hata neno?
Mwalimu wa laptopu, Kahawa West

JIBU: Mwalimu mwenzangu, huyo kijana hakosei ovyo, anatafsiri kutoka Kijapani neno kwa neno, na bahati yako ni kwamba hapo Kiswahili kiko karibu na Kijapani kuliko Kiingereza. Wana umbo la kitenzi linaloishia -te iru, na shuleni huwa wanalilinganisha na -ing. Mara nyingi ni sawa, tabete iru ni anakula. Lakini kwa vitenzi vya kubadilika hali, kama kufa, kuoa, kufunguka, -te iru inataja hali iliyobaki baada ya tendo kwisha. Shinde iru si anakufa, ni amekufa. Kekkon shite iru ni ameoa ama ameolewa. Sasa angalia -me- yetu: mtu akiuliza mtoto yuko wapi unamwambia amelala, yaani sasa hivi yuko usingizini. Ni kitu kile kile! Kwa hivyo akiandika is na -ing, jiulize kwa Kiswahili hapo ungeweka -na- ama -me-. Ikiwa ni -me-, mpe neno la hali likiwa zima asiliunde mwenyewe: is dead, is married, is asleep, is open.

Hiyo ya jana ni rahisi zaidi. Kijapani kinatumia -ta kotekote, kinō mita ni niliona jana, mō mita ni nimeshaona, kitenzi hakijaguswa. Basi atafute neno la wakati kwanza, akikuta yesterday ama last week au in 2020, have inaondoka. Na "sijala bado" kwao ni mada tabete inai, ile -te imerudi tena, ndiyo maana siku moja atakuandikia "I'm not eating yet" akimaanisha I haven't eaten yet.

Sasa mvua, na hapa nakuomba ukae naye sana, hata vipindi vitatu. Sentensi kama hii inayoanza na Walking bila mtenda, kwao wanaiita bunshi kōbun na wengi wanaikariri tu kama fomula. Sisi tukisema "nikitembea kwenda shule mvua ikaanza" hakuna shida, kwa sababu ile ni- iko ndani ya kitenzi na imeshasema nani anatembea. Walking haina ni-. Imevuliwa mwenyewe, kwa hivyo Kiingereza kinaenda kumtafuta baada ya koma, na baada ya koma kuna the rain, basi mvua ndiyo inaenda shule. Kijapani huacha kumtaja mtenda kila siku na watu wanaelewana, so kijana haoni kasoro yoyote. Lakini ana -nagara: terebi o minagara tabeta, alikula huku akitazama tivii, na -nagara haikubali watu wawili, anayetazama lazima awe ndiye anayekula. Mwanzishie hapo. Aweke kidole kwa koma, nomino inayofuata ndiyo mwenye tendo. Atapata Walking to school, I got caught in the rain, ama arudishe mtenda kabisa: While I was walking to school, the rain started.

Akishika hiyo, Seen from the train, Mount Fuji looks small haitamsumbua, mlima hautazami, unatazamwa. Having finished my homework ni nikishamaliza.

Usimpe mazoezi ya kujaza mapengo mengi. Mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, Kyōtsū Tesuto, ulioanza 2021, karatasi ya kusoma ina alama 100 na ya kusikiliza 100, na maswali ya sarufi peke yake hayamo tena, ni kusoma kwa haraka na kuelewa. Mpe aya moja ya gazeti achore mshale kutoka kila -ing hadi kwa mwenyewe.

Na hiyo yes, yes: neno "hai", yaani ndiyo ya Kijapani, mara nyingi ni "nakusikia" tu, bado haijafika "nimeelewa". Usimuulize kama ameelewa, muulize ni nani alikuwa anatembea. Kesho anza na samaki wake, mwambie pole kwanza, halafu aandike zote mbili: My goldfish died a week ago. My goldfish has been dead for a week.