Safu ya Maswali: Ella Fitzgerald na Nyimbo za Broadway

Barua za safari hii nyingi zimeelemea upande mmoja: albamu za Song Book alizorekodi Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazz wa Marekani, kwa kampuni ya Verve kati ya 1956 na 1964, karibu kila moja ikibeba kazi za mtunzi mmoja wa nyimbo za filamu za Marekani na za michezo ya jukwaani ya Broadway, mtaa wa maonyesho wa New York. Tumechagua maswali yaliyoulizwa na wengi na kuyafupisha.

Nikimtafuta Ella kwenye simu naletewa mamia ya nyimbo. Nianze na albamu ipi? (Msomaji, Dodoma)

Kwanza zikwepe zile albamu za "nyimbo bora". Zinachanganya rekodi za 1938, alipokuwa mwimbaji kijana wa bendi ya Chick Webb, na za matamasha ya miaka ya 60, na sikio halipati mahali pa kutulia.

Wengi watakuelekeza kwa albamu ya mtunzi Cole Porter, kwa kuwa ndiyo ya kwanza (ilirekodiwa Februari na Machi 1956) na ndiyo yenye jina. Sisi tunasema anza na ya Rodgers (mwenye muziki) na Hart (mwenye maneno), ya mwaka huohuo, yenye nyimbo 34. Mpangaji wa muziki ni yuleyule, Buddy Bregman, lakini kwa Porter tarumbeta zake mara nyingine zinamkanyaga mwimbaji, wakati kwa Rodgers na Hart zinajua kukaa pembeni. Kisha nenda kwa ndugu wawili Gershwin (1959), iliyopangwa na Nelson Riddle. Hiyo ina nyimbo 53, usiimeze kwa mkupuo. Sita au nane kwa siku zinatosha, la sivyo ukifika wimbo wa ishirini fidla zote zitakuwa sawa masikioni mwako.

Ukitaka bendi yenye moto, ipo ya Harold Arlen (1961) chini ya Billy May. Ya Irving Berlin (1958) ni tulivu na haina makosa, wala haishangazi. Za Jerome Kern (1963) na Johnny Mercer (1964) ni fupi, santuri moja moja. Mercer yumo kwa sababu ya maneno yake hasa, si muziki. Ya Duke Ellington (1957) ni kazi kubwa, ila nyimbo zake nyingi hazikutungwa kwa ajili ya jukwaa la michezo, kwa hiyo tunaiweka kando leo.

Na kama una nafasi ya rekodi moja tu, ziache zote hizo. Mwaka 1950, bado akiwa na kampuni ya Decca, Ella aliimba nyimbo 8 za Gershwin akisindikizwa na piano peke yake, ya Ellis Larkins. Leo utazipata pamoja na nyingine walizorekodi 1954 katika mkusanyiko uitwao Pure Ella. Hakuna pazia la fidla pale. Kila herufi inasikika.

Ella anaanza na kitu nisichokitambua, polepole, kama anasimulia. Baadaye ndipo wimbo ninaoujua unaingia. Ni nyimbo mbili zimeunganishwa? (Msomaji, Arusha)

Ni wimbo mmoja. Katika michezo ya Broadway mhusika alikuwa anaongea, na kutoka maongezi hadi kuimba kulihitaji daraja. Daraja hilo ni utangulizi: sauti hazipandi wala kushuka sana, maneno ni mengi, na mara nyingi hakuna mwendo maalumu, piano inamfuata tu mwimbaji. Baada yake ndipo huja kiini cha wimbo. Waimbaji wengi wa jazz walikuwa wanautupa utangulizi ili waingie haraka kwenye kiini. Moja ya mambo yaliyozipa thamani albamu hizi ni kwamba Ella aliurudisha katika nyimbo nyingi.

Kiini kwa kawaida kina vipimo 32, kila kipimo mapigo manne. Muundo unaokutana nao zaidi ni sehemu nne za vipimo 8: ya kwanza, ya pili yenye muziki uleule kwa maneno mapya, ya tatu ambayo inageuka kabisa, kisha ya nne inarejea muziki wa kwanza. Jaribu kwa wimbo wa Oh, Lady Be Good. Usianze kuhesabu mpaka besi na dramu ziingie kwa mwendo wa kudumu. Wanaochanganyikiwa ni wale wanaoanza kuhesabu tangu utangulizi. Hesabu "moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne", ukibadilisha tarakimu ya kwanza kila kipimo hadi 8, kisha uanze tena. Muziki ukigeuka baada ya nane mbili, umehesabu sawa.

Hesabu hiyo inaeleza pia urefu wa rekodi. Vipimo 32 ni mapigo 128. Kwa mwendo wa mapigo 64 kwa dakika, kiini kimoja kinakula dakika 2 kamili, hivyo wimbo wa taratibu wenye utangulizi hauna nafasi ya kukirudia chote. Kwa mapigo 200, kiini hichohicho kinaisha kwa sekunde 38 hivi, na mwimbaji anaweza kukizunguka mara nne bila kumchosha mtu.

Mimi ni mtu wa dansi. Nasubiri chemko, ile sehemu ya kuchangamka, haliji, wimbo unaisha! (Msomaji, Morogoro)

Halitakuja, ndugu yetu. Nyimbo hizi zilitungwa zitumikie tukio jukwaani. Mhusika akishasema la moyoni, mchezo unaendelea. Na katika Song Book Ella aliamua kumheshimu mtunzi, akaziimba karibu na zilivyoandikwa.

Ukitaka chemko, tafuta tamasha lake la Berlin la tarehe 13 Februari 1960. How High the Moon, uliotoka katika onyesho la Broadway la 1940, anauimba kwanza kwa maneno, kisha anaingia kwenye skati, yaani kuimba kwa silabi zisizo na maana kama vile koo ni saksafoni, na haachi mpaka karibu dakika ya 7. Katika tamasha hilohilo alisahau maneno ya Mack the Knife katikati ya wimbo akatunga mengine palepale. Rekodi hiyo ilimpa tuzo ya Grammy.

Kiingereza nakijua, lakini maneno ya Rodgers na Hart yananipita. Wenzangu wanacheka wapi? (Msomaji, Nairobi)

Chukua Manhattan, wa 1925. Ukiusikiliza juujuu ni sifa za jiji la New York. Ukweli ni kwamba wapenzi wawili hawana nauli ya kwenda fungate kwenye maporomoko ya Niagara, kama utangulizi unavyodokeza, basi wanajifariji kwa kusifia jiji lenye joto kali. Upepo mwanana wanaousifia unatoka kwenye treni za chini ya ardhi. Mtaa wa Delancey wanaouona wa kifahari ulikuwa wa wahamiaji maskini waliobanana, na Mott, wanakopanga kutembea mwezi wa Julai, ulikuwa mtaa wa mikokoteni ya wachuuzi na jasho. Bila kuijua mitaa hiyo, kejeli yote inapotea.

Tena Lorenz Hart alikuwa na tabia ya kulazimisha vina kwa lafudhi. Mahali pamoja neno la "msichana" linatamkwa kama watu wa Brooklyn walivyolitamka, goil, ili lipate kina na spoil. Msomaji wa mashairi ya mtiririko ataona jeuri hiyo na kutabasamu. Ushauri wetu: chapisha maneno, tafuta kila jina la mahali kwenye ramani, halafu ndipo usikilize.

Billie Holiday ananitoa machozi. Ella anaimba vizuri mno mpaka hana uchungu. Nakosea? (Msomaji, Zanzibar)

Hukosei kuona tofauti. Unakosea ukitarajia Ella akuletee uchungu kwa njia ileile. Holiday, mwimbaji wa jazz wa enzi hiyohiyo, anaukunja wimbo uufuate moyo wake. Ella anamwacha mtunzi aseme, na uchungu unabaki ndani ya muziki wenyewe.

Sikiliza Ev'ry Time We Say Goodbye katika albamu ya Porter. Kuna mahali maneno yanataja mabadiliko ya kutoka meja (sauti za furaha) kwenda maina (za huzuni), na papo hapo kordi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, iliyo chini inafanya hivyohivyo: sauti yake moja ya ndani inashuka nusu hatua. Mwimbaji mwingine angeongeza kilio hapo. Ella anashikilia sauti ikiwa nyoofu, haitetemeshi, na ule mshuko mdogo unasikika wazi. Angeipamba, ungesikia pambo tu.

Kipimo kingine ni Oh, Lady Be Good. Mwaka 1947 aliufanya wa kasi, maneno kidogo na skati tele. Mwaka 1959, kwa mpango wa Riddle, aliuimba taratibu kabisa, na ghafla unagundua kwamba ni wimbo wa mtu mpweke anayeomba ahurumiwe. Zipige rekodi hizo mbili moja baada ya nyingine. Kama baada ya hapo bado unamtaka Billie, tumekubali.

Naimba hotelini na piano, besi na dramu. Nataka kuingiza Someone to Watch Over Me. Nijifunze vipi? (Dada msomaji, Mombasa)

Dada, usianze kwa kumwigiza Ella. Andika maneno yote kwa mkono na uyasome kama maongezi, mpaka ujue pumzi inaingia wapi bila kukata maana. Kwa mapigo 60 kwa dakika, vipimo vinne ni sekunde 16, ndefu mno kwa pumzi moja ya kawaida. Vuta baada ya kila viwili. Melodia jifunze kutoka rekodi ya 1950 na Larkins, kwa sababu utaisikia bila vurugu: kiini kinapanda ngazi haraka, kisha kinashuka hatua kwa hatua.

Ufunguo, yaani kimo cha wimbo mzima, usichukue wa rekodi. Tafuta sauti ya juu kabisa ya wimbo, kisha shusha wimbo wote mpaka sauti hiyo ikae toni mbili chini ya mwisho wako. Mwambie mpiga piano ufunguo huo kabla ya siku ya onyesho.

Kinachoharibu zaidi ni mwendo. Mwimbaji anachelewesha neno kidogo kwa ajili ya ladha, bendi inamngoja, naye anachelewa zaidi. Wimbo mlioanza na mapigo 66 mnaumaliza na 56 na wateja wanaita bili. Kubalianeni kwamba dramu na besi hazikufuati hata ukichelewa. Wewe ndiye utakayewakuta mwisho wa mstari. Utangulizi ndiyo sehemu pekee ya kukufuata. Na skati katika wimbo huu, tafadhali, hapana.

Rekodi ya Porter inasikika kama imepigiwa ndani ya pipa. Simu yangu mbovu? (Msomaji, Mwanza)

Pengine si simu. Albamu ya Porter ilitoka kwa mono (sauti ileile pande zote mbili), na baadaye kuna matoleo yaliyogeuzwa stereo (kila upande sauti yake) ya bandia: besi upande mmoja, sauti kali upande mwingine, na mwangwi juu yake. Tafuta toleo lililoandikwa mono. Ukilikosa, fungua mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uwashe sauti ya mono. Haitaponya kila kitu lakini Ella atarudi katikati. Fanya hivyo pia ukiwa na hedifoni iliyokufa upande mmoja na unasikiliza Gershwin, ambayo ni stereo halisi, maana bila hivyo nusu ya bendi inapotea. Kiongeza besi kizime. Kinafunika konsonanti zake.

Kuhusu bando: albamu ya Porter ni kama saa mbili. Kwa ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde ni karibu MB 86, kwa 320 ni karibu MB 288. Kwa rekodi hizi tofauti utaisikia kwenye hedifoni nzuri, si kwenye spika ndogo ya bluetooth.

Wenye santuri zenyewe: uzito wa sindano fuata alioandika mtengenezaji, mara nyingi gramu 1.5 hadi 2.5. Watu hupunguza wakidhani wanailinda santuri. Sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji, herufi "s" zinachanika, hasa karibu na katikati ya santuri, na mfereji unaumia zaidi. Sindano isafishe kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele tu.