Nataka samaki mwenye vituko

SWALI: Mambo, nina tangi la kioo la lita 60 sebuleni, hawa samaki wa rangirangi wamenichosha, wanazunguka tu. Muuzaji kaniambia nichukue oscar, nikubali?

JIBU: Usikubali. Oscar ni mtundu kweli, anakufuata kwenye kioo anadai msosi, ila anafika sentimita 30, lita 60 kwake ni ndoo tu. Mi ningechukua multi, kale kasamaki ka Ziwa Tanganyika kanakoishi ndani ya maganda ya konokono, dume likikua ni kama sentimita 4 hivi lakini lina ubabe huo, kutwa linachimba mchanga na ukiingiza mkono linakuja kukung'ata, haiumi, utacheka. Weka mchanga laini na maganda matupu mengi kuliko samaki.