Re: Nimetubu, mbona sina furaha?

Ndugu, umeuliza mbona umeacha dhambi ila moyo umepoa kama vile umenyang'anywa kitu, aisee nakuelewa kabisa maana hata mimi miezi ya mwanzo nilikuwa nahesabu nilivyoviacha badala ya kumwangalia Mungu niliyemrudia. Soma Zaburi 51, Mfalme Daudi baada ya ile ishu ya kuzini na Bathsheba, mke wa mtu, haombi msamaha tu, mstari wa 12 anaomba arudishiwe furaha ya wokovu, kwa hiyo na wewe iombe usione aibu. Halafu Luka 15, kwenye mfano wa mwana mpotevu aliyerudi nyumbani, yule baba alimkimbilia mwanae akiwa bado mbali, hata maneno aliyojipangia kuyasema hakumwacha ayamalize! Hapo ndo nililia. Ukianguka tena usikae wiki nzima umejificha, rudi siku hiyohiyo.