Ni Ndoa ya Figaro au Harusi ya Figaro?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Moshi, Majengo. Jumapili baada ya misa tuliangalia opera ya Mozart nyumbani, ile ya kurekodiwa jukwaani, nikachomeka flashi kwenye tivii tukaanza. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza kwa hiyo mi ndo nikawa natafsiri. Nikasema inaitwa Ndoa ya Figaro, na bosi wake ni Kaunti Almaviva. Baba akakataa, anasema ile ni harusi, ndoa ni kitu kingine. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Nani yuko sahihi? Na niseme opera ya kuchekesha au opera ya vichekesho?

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yako kashinda, ila usimwambie bado, maana na wewe una chako.

Tuanze hapo hapo Moshi. Mtu akiwa na jambo lake unashtukia umeunganishwa kwenye grupu la wasapu, kuna kamati, kuna vikao, kuna kadi ya mchango ya singo na ya dabo, na siku yenyewe ndafu ya mbuzi inaingizwa ukumbini nzima nzima na majani mdomoni, watu wanapiga vigelegele. Hayo yote ni ya harusi. Mi huku Arusha na vikao vyangu vyote sijawahi kuombwa mchango wa ndoa. Ila kile cheti wanachosaini kanisani ni cha ndoa, na sheria yetu ya mwaka 1971 ni Sheria ya Ndoa, isingeweza kuitwa Sheria ya Harusi maana serikali haina habari na keki. Ukisikia harusi imevunjika ujue suti ziko bado kwa fundi na waliochanga wanataka hela zao, ukisikia ndoa imevunjika hao walishakaa pamoja, pengine na watoto watatu. Na ndoa inafungwa, harusi inafanywa. Neno kufunga harusi nalisikia sana, silipendi, ila sitagombana na mtu.

Ndoa yenyewe imetoka kwenye kuoa kama ndoto ilivyotoka kwenye kuota, vitenzi hivyo zamani vilikuwa na l mbele, na l ikikutana na n inageuka nd, ndo maana ulimi ukizidi mmoja tunasema ndimi. Harusi tumeipata kwa Waarabu, wao wanasema urs, na pwani utawasikia wengi wakisema arusi bila h. Zote sawa.

Sasa opera. Jina lake la Kitaliano ni Le nozze di Figaro, muziki wa Mozart, maneno ya Lorenzo Da Ponte, na ilichezwa mara ya kwanza Vienna tarehe 1 Mei 1786. Nozze ni harusi. Ile hali ya kuwa mke na mume Mtaliano ana neno jingine, matrimonio. Mjerumani naye anaiita Hochzeit, harusi tupu. Kilichokuponza ni yale maandishi ya Kiingereza, maana Mwingereza kwenye jina hili katumia marriage, neno linalobeba ndoa na harusi kwa pamoja, sawa na Mfaransa Beaumarchais aliyeandika mchezo ambao opera imetokana nao, na huo mchezo wake aliuita pia La Folle Journée, yaani siku ya wazimu. Siku moja! Rudisha mwanzo uone, Figaro anapima sakafu ajue kitanda kitaenea wapi, anahesabu huku anaimba, tano, kumi, ishirini, thelathini, thelathini na sita, arobaini na tatu, na mchumba wake Susanna yuko kwenye kioo anajaribu kofia yake ya harusi anamwambia si uniangalie na mimi. Aliyewahi kulala nyumba yenye bibi harusi anaijua asubuhi hiyo.

Halafu Kaunti hapana. Count ya Kiingereza ni cheo cha bwana mkubwa, ila Mkenya akisoma hapo atadhani Almaviva ni jimbo. Mwite kabaila, neno tunalo, limo mpaka kwenye Azimio la Arusha la 1967, lile la ubepari na ukabaila, na umri wa baba yako nadhani watakuwa walikaririshwa shuleni, we litamke tu uone atakavyocheka.

Na yule Marcellina aliyemkopesha Figaro hela kwa masharti kwamba asipolipa amuoe (kumbe mbele huko inagundulika ni mama yake mzazi, hapo mi huwa nasimamisha video nicheke kwanza), umeniuliza pembeni kama unaweza kusema Marcellina anataka kumuoa Figaro kwa vile yeye ndo anayelazimisha. Kisarufi hapana, hata akimkokota kwa kola bado anaolewa, anayeoa ni Figaro. Ukiona inakuletea kigugumizi katikati ya kutafsiri sema wanaoana, inakutoa.

Vichekesho au kuchekesha, hilo fupi. Opera ya vichekesho ni aina, ndo ile Waitaliano wanaita opera buffa. Opera ya kuchekesha ni maoni yako wewe, unaweza ukaangalia opera ya vichekesho isikuchekeshe hata kidogo.

Turudi kwa chako sasa. Hiyo opera ina sehemu nne, na harusi inafanyika mwisho wa sehemu ya tatu. Watu wameshacheza, imeisha, na bado kuna sehemu nzima mbele, usiku, bustanini, Susanna na mke wa kabaila wamebadilishana nguo, na kabaila anamtongoza mke wake mwenyewe akidhani ni Susanna. Akigundua anapiga magoti mbele ya watu wote anaomba msamaha, na muziki unatulia kabisa, kile kipande ndo kizuri kuliko vyote kwa masikio yangu. Pale hakuna harusi ya mtu, pale ni ndoa, ila sio ya Figaro. Kwa hiyo faili kwenye flashi libadilishe jina, Harusi ya Figaro, na ukifika bustanini unaruhusiwa kusema ndoa na baba hana cha kukusahihisha.